Atakayegusa Ua Langu

Jumapili, 3 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu vita vimeanza leo, na sitaki baadaye mtu mwingine avisimulie akajipa sifa zangu.

Kwanza nijitambulishe, ingawa kunitambulisha mimi ni kama kulitambulisha jua. Ni fundi wa mapaa. Hakuna bati katika mtaa huu lisilonijua, na hakuna mtu asiyeniita Mjomba, hata walionizidi umri. Shule niliiacha mapema, maana walimu walikuwa wameishiwa vitu vya kunifundisha. Naishi na dada yangu mkubwa kwenye nyumba ya marehemu baba. Mimi nina chumba cha mbele, yeye ana cha nyuma. Miguu ilimgomea Dada miaka mingi iliyopita, sasa anatumia kiti cha magurudumu. Kila asubuhi anajisukuma mwenyewe kwenye kichochoro cha ubavuni mwa nyumba, anapita pembe ya jiko, anatokea barabarani kwenye kibanda chake cha cherehani. Mlango wa mbele una ngazi na mtaro, huko hawezi. Kile kichochoro ndiyo miguu yake.

Upande mmoja wa kichochoro ni ukuta wa jiko letu. Upande wa pili ni ua letu la miti ya miiba, ambalo lilipandwa kabla sijaota ndevu. Ng'ambo alikuwa anakaa bibi mmoja mpole. Amefariki, wanawe wameuza, na aliyenunua ni muuza saruji wa pale sokoni anayeitwa na wote Bwana Simenti. Leo amekuja na vigingi na uzi wa kujengea, akafunga uzi wake upande wetu. Anadai ua lote ni lake, eti bibi alilipanda ndani ya kiwanja chake akaacha nafasi, na mpaka wa kweli uko huku kwetu, ndani ya kichochoro. Anataka ang'oe miti ajenge ukuta wa matofali.

Nilimwambia aanze kwa kuning'oa mimi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeutoa uzi wake. Uzi mzuri, haupotezi nguvu ukilowa. Nimeanikia soksi.

Jumatano, 6 Machi

Uzi umerudi. Safari hii ni waya.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Nilikuwa juu ya duka la dawa nikibadilisha bati la pembeni wakati upepo ulipokuja bila adabu. Ulilichukua bati nikiwa nimelishika. Sikuliachia. Likanipeleka hewani mpaka nikaona kuku wa mtaa wa pili wakinywa maji kwenye sufuria, halafu likanirudisha, nikatua palepale na misumari yangu mdomoni, nikaendelea kugonga. Mwenye duka anasema niliteleza tu nikang'ang'ania boriti. Yeye alikuwa ndani. Angeona nini?

Jioni nilikichukua kiti cha Dada, kitupu, nikakipitisha kati ya ule waya na pembe ya jiko. Gurudumu moja liliingia, la pili likabaki nje likitazama. Nilirudia, nikakilaza kidogo, nikakisukuma kwa goti. Hakipiti.

Dada alikuwa ameketi kitandani ananiangalia kupitia dirishani, anakata uzi kwa meno. Nikamwambia asijali, hata mambo yakiharibika nitakuwa nambeba mgongoni mpaka kibandani, mgongo wangu umewahi kubeba paa zima.

"Siku utakayonibeba mgongoni mbele ya watu, mdogo wangu, usinirudishe nyumbani," akasema. "Pitiliza nami mpaka makaburini."

Kisha akaomba kiti chake.

Jumapili, 10 Machi

Nimetengeneza bango. Ubao ni wa dari, rangi ni nyekundu iliyobaki kwenye paa la kanisa. Nimelipigilia kwenye mti mnene kuliko yote, upande wa barabarani, wapita njia wote walisome:

ATAKAYEGUSA UA LANGU ATANIJUA MIMI NI NANI

Herufi zangu zimenyooka kama misumari. Bwana Simenti alisimama akasoma mara mbili. Akaenda zake. Ameogopa.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuogopa.

Tangu asubuhi watu wanapita wanacheka na mimi nawapungia mkono, nikidhani wanafurahia ushujaa. Mchana akaja mpwa wangu, binti wa Dada, anayefundisha lugha kwenye shule ya barabara ya chini. Alikaa kwenye ngazi akashika tumbo, nikadhani anaumwa.

"Mjomba," akasema alipopata pumzi, "wa kuzungushia nyumba ni ua wangu. Ua langu ni lile la kunusa."

Akaomba brashi arekebishe. Nimekataa. Nikikubali kwamba nimekosea neno moja, kesho Simenti atasema nimekosea na mpaka. Bango litabaki lilivyo, na atakayeuliza nitamwambia niliandika nilichotaka kuandika. Humu ndani ambamo hakuna anayenichungulia, kuanzia leo naandika ua wetu. Nje, langu.

Jumanne, 12 Machi

Muuza maandazi ameniuliza kama limechanua. Watoto wa shule wanainama wananusa miiba, wanajifanya kuzimia.

Nimewaambia wote kwamba ua langu huchanua kwa wenye akili tu.

Alhamisi, 14 Machi

Bwana Simenti amekuja mlangoni na kopo la rangi lililojazwa udongo, ndani yake mmesimama ua moja la waridi. Alivaa shati la kutokea. Watu wawili walikuwa wamesimama barabarani, na nadhani aliwasubiri wafike.

"Mjomba, nimekuletea ua lako. Naapa sitaligusa."

Nikamwambia aliweke chini asije akajichoma.

"Na ule," akaielekezea kidevu miti ya miiba, "ule ni wangu. Wewe mwenyewe umeandika."

Mmoja wa wale wawili alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Na mimi nikacheka, kicheko cha mtu mwenye mpango. Mpango sikuwa nao.

Ua nimelimwagilia maji. Lenyewe halina kosa.

Jumapili, 17 Machi

Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Dada amefunga mwavuli kwenye kiti kwa mshipi wangu, nikamlegezea waya wa Simenti kama kila asubuhi, akaenda kazini. Mimi nimeshinda nashika suruali.

Ijumaa, 22 Machi

Wameukata.

Nilikuwa upande wa stendi, juu ya ghala. Niliporudi nikaiona nyumba ya Simenti nikiwa bado mbali, na hilo peke yake likanishtua, maana sijawahi kuiona kutoka pale. Ua wote, kuanzia barabarani mpaka pembe ya jiko, umelala chini. Vibarua wake walikuwa wanafunga matawi mafungu mafungu, na bango langu wameliegemeza ukutani vizuri kama picha ya harusi.

Nilisimama kwenye pengo na nyundo yangu ya kazi mkononi. Nyundo hiyo imewahi kumfukuza chui, ingawa hilo ni la siku nyingine. Bwana Simenti akatoka, akaiona nyundo, akakunja mikono kifuani.

"Haya, Mjomba. Tujue wewe ni nani."

Vibarua wakaacha kazi. Dada naye alikuwa amefika, yuko nyuma yangu na kitambaa cha mteja mapajani, na hakunizuia wala hakunisukuma. Nikafikiria: nikimpiga huyu nitalala ndani, na nikilala ndani, kesho nani atamkalia Simenti shingoni? Nikaichomeka nyundo kiunoni nikaenda zangu kwa Mama Mwenyekiti wa mtaa.

Malalamiko yangu ya mwanzo, mwanzoni mwa mwezi, alisema atayashughulikia. Leo alipojua mimi ndiye mwenye lile bango, akavaa miwani. Amesikia habari zake mpaka kwenye kikao. Atakuja mwenyewe Jumamosi ijayo, kwa sababu lazima alione kwa macho yake, na mpaka hautaguswa mpaka afike. Mpwa wangu anasema kama ningeandika sawasawa, mama yule asingekuja kabisa. Sasa nani ana elimu?

Jumamosi, 30 Machi

Leo naandika kirefu, na anayetaka kulala akalale.

Mama Mwenyekiti alifika na mabuti ya mvua, nusu ya mtaa ikiwa nyuma yake. Alisoma bango kwanza. Alilisoma kimya, mabega yakitikisika, kisha akajifuta macho akasema tuanze.

Bwana Simenti alitoa karatasi zake, mimi nikatoa za baba. Zote mbili zinasema mpaka ni ua. Hakuna inayosema upande gani wa ua, na ua wenyewe sasa ni mafungu ya kuni. Mama Mwenyekiti akasema hapo ni kama kuulizwa ulikuwa na ndevu za upande gani baada ya kunyoa. Simenti akadai haki yake hata hivyo. Anaongea vizuri yule bwana, lazima nikubali, anapanga maneno kama matofali. Akamaliza kwa kugonga bango kwa kidole: mwenzake huyu, yaani mimi, tangu mwanzo hajadai ua wa miti. Kaandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kwamba anachokilinda ni ua la kunusa, na ua hilo alishaletewa kwenye kopo.

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Mama Mwenyekiti akainua mkono.

"Haya, Mjomba. Jibu. Hilo ua lako unalolilinda liko wapi?"

Mimi nina kawaida ya kufungua mdomo kabla sijajua kitakachotoka, na mara nyingi kinachotoka ni kizuri. Nikafungua. Wakati huohuo Dada alikuwa anakuja kutoka kibandani, anajisukuma kwenye kichochoro chenye tope, pini zimejaa mdomoni, na nusu ya gauni la mtu limemning'inia begani. Nikanyoosha kidole.

"Ua langu ni lile pale."

Kicheko kikawakwama watu njiani. Hata Simenti aligeuka kutazama.

Dada akatema pini moja moja kwenye kiganja. Hana haraka na pini. Akasema ua gani lenye magoti kama haya, na kwamba nisimtie kwenye mabango yangu. Kisha akaendelea kuja, akafika pembe ya jiko, akaingiza kiti kati ya ukuta na ule waya wa Simenti, uliokazwa upya kwa ajili ya kikao. Gurudumu likagonga. Akarudi nyuma, akaja tena, likagonga. Hakumtazama mtu mwingine yeyote ila Mama Mwenyekiti.

"Mimi sitaki kunuswa," akasema. "Nataka kupita."

Muuza maandazi alivua kofia, sijui kwa nini, mvua ilikuwa inanyesha.

Uamuzi ni huu: ukuta mwenye kuutaka aujenge, nani alikuwa na hatua ngapi hatutajua mpaka kiama, lakini kiti kipite. Bwana Simenti alikuna kichwa akasema kitapita. Wote tukapeana mikono. Mkono wake ni mgumu kuliko nilivyotarajia kwa muuza duka.

Jumanne, 2 Aprili

Mpwa wangu ameniuliza kama lile jibu nilikuwa nimelipanga. Nikamwambia nililipanga siku ileile niliponunua brashi, na bango lote lilikuwa mtego. Akasema, "Mjomba, wewe," lakini hakucheka kama zamani. Akaniambia pia kwamba mama yake, siku ile tulipoondoka, alijipaka mafuta ya kunukia mikononi.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mabati manne. Nimeanguka kidogo. Ardhi ndiyo iliyoumia.

Ijumaa, 12 Aprili

Alasiri upepo uliinyanyua nyumba ya Bwana Simenti upande mmoja kama mtu anayefunua sufuria. Mkewe akatoka anapiga kelele akiniita kupitia palipokuwa na ua. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu barazani, miguu juu, naona kila kitu.

Watasema nilikwenda kwa wema. Nilikwenda ili anione nikiwa juu ya kichwa chake. Nilipanda na mvua ikinipiga usoni, nikalala kifudifudi juu ya mabati kama mjusi, na yeye, tajiri wa saruji nzima, akashika ngazi chini, maji yakimfika vifundoni, ananipa misumari mmoja mmoja. Nilimwamrisha. Nilimwita kijana. Alikubali yote.

Kutoka juu niliona viwanja vyote viwili. Jiko letu ni dogo sana. Kichochoro kinaonekana kama utepe uliodondoka, na mwishoni mwake Dada alikuwa anafuta magurudumu kwa kitambaa. Nafasi tunayogombania ni ya mtu kuivuka bila kutanua hatua.

Tulipokunywa chai ya mkewe, tumelowa wote, Simenti akaanza kusema bila kuulizwa. Amekulia kwenye vyumba vya kupanga. Kila mwaka vyombo vikitolewa nje, yeye mtoto ndiye aliyekuwa anaachwa barabarani kuvilinda. Hiki ndicho kiwanja chake cha kwanza tangu azaliwe.

"Kila mahali palipo pangu nataka nipakanyage, Mjomba. Nikiacha pa huku, kesho wataniomba pa kule."

"Kanyaga," nikamwambia. "Ila miguu ya dada yangu iko hapo chini."

Akakoroga chai. Akasema bati ni bati, mpaka ni mpaka, nisidhani kaniuzia kitu kwa misumari ile. Ni neno la kwanza la maana kulisikia kwake. Na mimi ningesema hivyohivyo. Huyu si mwizi. Ni mbishi, na ubishi nauheshimu, mradi uwe wa pili kwa wangu.

Alhamisi, 25 Aprili

Vigingi vipya vimepigwa. Simenti alimtuma fundi wake mwashi akakipima kiti wakati Dada yuko kwenye cherehani, gurudumu hadi gurudumu, na kwenye pembe ya jiko ameacha nafasi hiyohiyo na upana wa unyoya mmoja zaidi. Nimekipitisha kitupu. Kimepita bila kugusa.

Dada amekaa, amejaribu, amechubuka mkono wa kushoto kwenye ukuta wa jiko na wa kulia kwenye kigingi. Maana kiti hakina injini. Kinasukumwa na mikono, na mikono inakaa nje ya magurudumu. Mtu ambaye hajawahi kukaa humo hawezi kulijua hilo. Hata mimi, nasikitika kusema, nilipokipitisha kitupu nilishangilia.

Nimemfuata Simenti dukani kwake. Anasema tulikubaliana kiti, na kiti kimepita.

Ijumaa, 3 Mei

Mama Mwenyekiti amesafiri. Mvua.

Jumatatu, 6 Mei

Nilikuwa juu ya paa la shule ya mpwa wangu, mbali, aliponiita kutoka chini na simu mkononi: mafundi wa Simenti wameanza kuchimba msingi. Nilishuka bila ngazi. Niliruka, na kama kuna aliyeona nikishuka kwa nguzo akae na macho yake.

Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu na laana mwishoni. Nilikimbia nayo mpaka nyumbani na sikupata nafasi ya kuitoa.

Dada alikuwa ameshaingia vitani. Kiti chake kilikuwa juu ya mstari wa vigingi, magurudumu ya mbele yamezama kwenye mtaro wa msingi, cherehani ndogo ya mkono iko mapajani, na alikuwa anapunguza suruali ya mteja. Yuko hapo tangu majembe ya kwanza. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Mafundi wamesimama, majembe begani, na mmoja wao, kijana mrefu, alikuwa amemshikia mwavuli. Bwana Simenti alikuwa anazunguka. Alishaomba, alishafoka, alishamwita mkewe aje aombe, na mkewe alipofika alileta kigoda akakaa karibu na Dada, akamshikia pini.

Nilifungua mdomo.

"Nyamaza kidogo, mdogo wangu," Dada akasema bila kuinua kichwa. "Leo ni zamu yangu."

Nikanyamaza. Waulizeni watu wa mtaa kama hilo limewahi kutokea.

Akamaliza mshono, akakata uzi, akaikunja suruali vizuri. Ndipo akamtazama Simenti.

"Ulipima kiti, baba. Kiti hakijisukumi. Nipime mimi."

Bwana Simenti akaangalia mtaro, akaangalia anga, akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa anahesabu pini kwa makini sana. Akamwambia fundi mwashi achukue vigingi amfuate.

Tulimtoa Dada kwenye tope. Akarudi mpaka mlango wa nyuma, akajiweka sawa, akaanza kuja. Mimi namjua anavyojisukuma, nimemwona kila siku ya Mungu: ananyooka, mikono karibu, anakata kichochoro kama mkasi. Leo hakuja hivyo. Alikuja taratibu, kifua mbele, viwiko amevitandaza huku na huku kama mtu aliyekwapua matikiti mawili akayabana kwapani. Kiwiko cha kushoto kikapita kinasugua ukuta wa jiko. Cha kulia kikapita hewani, mbali, ndani kabisa ya kiwanja cha Simenti, na fundi mwashi nyuma yake akawa anapiga vigingi kila kilipopita. Nimeishi naye maisha yangu yote, sikujua kama ana viwiko virefu hivyo.

Simenti akafika mpaka kilipo kigingi cha mwisho. Akakitazama.

"Mama, kila siku unapita hivi?"

"Siku za mvua," Dada akasema.

"Na siku za jua?"

"Za jua huwa navitanua zaidi."

Yule fundi wa mwavuli akageuka akaangalia pembeni. Bwana Simenti akakunja mikono ya shati. Nilishika nyundo kiunoni, nisijue ni ya nini. Kisha akainama, akakishika kigingi kwa mikono miwili. Hakuking'oa. Alikitikisa kuona kama kimekaa imara, akachukua jiwe, akakigongelea chini zaidi.

"Jengeni hapa," akawaambia, akaingia ndani kwake, akafunga mlango.

Jumatano, 8 Mei

Jua. Matofali yanapanda. Nimewaelekeza mafundi mambo mengi. Wamenishukuru kwa kunipa kigoda cha mbali.

Jumamosi, 18 Mei

Ukuta umekwisha. Unatoka barabarani umenyooka kama rula, ukifika pembe ya jiko unajikunja kuingia kwa Simenti, unazunguka, halafu unarudi kwenye mstari wake. Wapita njia wanauliza fundi alikuwa amelewa nini. Mtaa umeshaupa jina: wanauita Kiwiko. Bwana Simenti mwenyewe, nilimsikia jana akimwelekeza mtu kwake, alisema, "Nyumba ya pale penye Kiwiko," na sauti yake haikuwa ya kulalamika.

Asubuhi hii nilikuwa barazani Dada alipotoka. Amenyooka, mikono karibu na mbavu, anakata njia kama mkasi. Nafasi iliyobaki kuku na vifaranga wake wangepita naye sambamba. Nilidhani ataendelea. Alipofika penye kona akafunga breki, katikati kabisa, akatoa sindano kwenye kola akaanza kutia uzi.

Bwana Simenti alikuwa upande wa pili anamwagia ukuta maji ukomae. Akachungulia kwa juu ya ukuta, akamwona amekaa.

"Mama, vipi? Si upite basi, njia si hiyo umepata?"

Dada akalamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja.

"Nitapita nikitaka," akasema.